Safu ya Nane

Mikono kumi na miwili ya mashine ya Kipimachembe ilishuka kwa pamoja juu ya sahani ya kioo, kila mmoja ukadondosha tone. Ndani ya vishimo mia tatu zilielea chembe za kinga za binadamu, zilizochokozwa kwa sumu ya bakteria mpaka zikawaka nyekundu. Mashine ilionyesha uvimbe hivyo: chembe ikichokozwa hutoa kemikali, na kemikali hiyo hung'aa. Matone yalikuwa ya sukari za mimea. Si ya kutia kwenye chai, bali minyororo mirefu inayokamuliwa kutoka kwenye magome na majani.

Safu ya nane ikazimika yote.

"Mzee Chiduo, hii ni nini?" aliuliza Daktari Yusta Chilongani.

"Mlenda," akajibu fundi wa maabara. "Ule utelezi wake. Nimeuchuja mwenyewe."

Yusta alipiga makofi, akaiamuru mashine ihifadhi matokeo.

"Matokeo haya yapo tayari," ikasema Kipimachembe. "Yalipatikana mwaka 2085, miaka tisa iliyopita. Yamefungwa kwa amri ya mkurugenzi. Sababu: mlenda huota kila shamba, hauwezi kumilikiwa na taasisi."

"Chembe zilikuwa za nani?"

"Za mchangiaji Chiduo Mazengo."

Chiduo aliketi taratibu. Mwaka ule ndipo viungo vyake vilipoanza kuvimba. Alichangia damu akiambiwa itasaidia utafiti, kisha akaendelea kuja kazini huku vidole vikipinda kimoja baada ya kingine. Sasa alifungua chupa kwa meno.

"Walijua," alisema. "Kila asubuhi Profesa, mkurugenzi wetu, ananiuliza, 'Mikono inaendeleaje?' Na anajua!"

Yusta hakungoja lifti. Alipanda ghorofa nne kwa miguu na kuingia kwa Profesa Lukelo Mhando bila kubisha hodi.

"Tulia, Yusta," alisema mkurugenzi. "Chembe kwenye sahani si mtu. Huwezi kuwaambia watu mlenda ni dawa."

"Sisemi ni dawa! Nasema ulipaswa kujaribiwa kwa watu. Ulikuwa na miaka tisa!"

"Taasisi haiwezi kuhangaikia kitu ambacho kesho kila mtu atakitengeneza."

"Kila mtu, Profesa. Ndio wagonjwa hao."

Alishuka, akayafungua matokeo kwa ufunguo wake wa utafiti na kuyatuma hospitali zote za Dodoma. Kabla ya saa sita mchana walinzi-roboti walikuwa wamemtoa nje ya lango. Hakujuta.

Hospitali moja ilianzisha majaribio, ikamwajiri kuyasimamia. Chiduo alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mwezi wa tano wa majaribio uvimbe ulishuka, akalala bila maumivu. Lakini picha za mifupa zilionyesha viungo vilivyokwisha kulika. Vidole vingebaki vile vile.

Siku matokeo yalipotangazwa, Profesa Mhando alifika na wapigapicha. Taasisi yake, alisema, ndiyo iliyogundua sukari hiyo. Akamwendea Chiduo, akatabasamu na kumnyooshea mkono.

Chiduo hakuupokea. Aliweka mikono yake yote miwili mezani, mbele ya kamera.

"Haiumi tena," alisema. "Sasa kunjua vidole hivi, Profesa. Hata kimoja tu."