Raudha Alipoomba Bahari

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, soko la Shinyanga lilikuwa limejaa hadi bajaji zinapita kwa kuomba radhi. Muuza dawa ya panya alikuwa anagombana na muuza dawa ya meno, wote wawili kwa vipaza sauti, na wateja hawakuwa na uhakika tena wanunue ipi wakaitumie wapi. Katikati ya kelele hizo Raudha binti Swaleh alikuwa anapita kwa madaha, dera lake la rangi ya embe bivu likifagia vumbi, mtandio mweupe umefungwa kwa namna ambayo mafundi cherehani peke yao wanaijua. Alikuwa anakwenda kwenye banda la Stanslaus, yule anayewarushia watu filamu kwenye flashi.

"Stanslaus, za saa hizi. Nipe katuni mpya ya baharini. Ile ya mtoto na mnyama wa majini."

"Ya mpwa wako tena?"

"Ya mpwa wangu."

Mpwa huyo hakuwepo duniani. Raudha alikuwa na miaka ishirini na saba, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: filamu za katuni ambazo mtoto anafanya urafiki na kiumbe wa ajabu wa baharini. Akiona samaki mwenye pembe inayowaka taa anambeba mtoto mgongoni, cherehani husimama, na suruali ya mteja hubaki na mguu mmoja.

"Ila Stanslaus, huyu anayezitafsiri ananiudhi," alisema. "Juzi amesema bahari ni lambo lisilo na ng'ambo. Lambo la kunyweshea ng'ombe. Halafu yule nyangumi anatoka majini, badala ya kusema neno la maana, anasema 'Mwadila, mayu.' Tangu lini nyangumi akasalimia Kisukuma?"

Stanslaus akakohoa. Kijana aliyekuwa ameegemea kaunta, mrefu, shati la drafti limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama bila yeye, akauliza taratibu:

"Sasa dada, nyangumi alitakiwa asalimie kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Si ndiyo ya pwani?"

"Yeye alikuwa anasalimia wa huku. Mgeni mwenye adabu anajifunza salamu za wenyeji. Na mpwa wako ana umli gani?"

"Umli?"

"Umli. Miaka."

"Saba," alisema Raudha. Halafu akaona saba haitoshi. "Anakaribia kumi."

"Anakua halaka sana huyo mtoto."

Stanslaus hakuweza kuvumilia zaidi. "Raudha, huyu ndiye Maulidi. Ndiye nyangumi mwenyewe, na ndiye papa, na ndiye bibi wa kwenye mashua."

Raudha alitamani ardhi ya Shinyanga ipasuke immeze. Lakini Maulidi alikuwa anacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri kuliko sauti zote alizowahi kuzitia kwenye filamu.

Maulidi alikuwa mtu wa Kharumwa, na kazi yake ilikuwa hiyo tu: filamu zinakuja na lugha za watu, yeye anazitia Kiswahili, kisha anazionyesha kwenye ukumbi wake wa mabati pale Kalangalala, Geita. Lugha za hao watu hakuzijua hata moja. Alikuwa anaangalia midomo na macho, mengine anaongeza kutoka mfukoni. Watu wa Kalangalala walisema akiiga radi, wanawake wa mtaa mzima wanaanua nguo kambani. Walisema pia kwamba wachimbaji waliotoka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na matope yao, waliokuja wakitaka filamu ya bunduki, walionyeshwa ya mtoto na jitu la majini, wakalia mpaka ukumbi ukahitaji kufagiwa maji. Kasoro yake ilikuwa moja. Herufi r ulimi wake uliikataa katakata. Bahari ilikuwa bahali, radi ladi, na jina la Raudha, tangu siku ile, Lauza, maana hata dh ilimponyoka.

"Raudha," alimrekebisha kwenye simu ya kwanza.

"Ndivyo nilivyosema. Lauza."

"Ra. Ra. Kama rangi."

"Kama langi. Nimeelewa, mpenzi."

"Nani mpenzi wako?"

"Nimeteleza. Ulimi wangu una matatizo, si umeshaambiwa."

Wakaendelea hivyo miezi. Simu ya asubuhi Maulidi alipiga kwa sauti ya pweza mzee anayelalamika mikono yake minane yote ina ganzi. Simu ya jioni alikuwa mtoto wa nguva aliyepoteza mama. Raudha alicheka hadi akajichoma sindano. Kila alipoweza kuja Shinyanga, Maulidi alipitia barazani pa duka la babake Raudha, ambapo Raudha alikuwa anashonea, akamwamkia Mzee Swaleh shikamoo ya kuinama, kisha akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani kama mteja ambaye nguo yake haiishi kushonwa.

Mzee Swaleh alikuwa anauza vitenge. Babu zake walikuja na reli kutoka upande wa Pangani, na yeye alikuwa anaizungumzia bahari kama mtu aliyeoga humo asubuhi hiyo. Ukweli ni kwamba mwisho wake kusafiri ulikuwa Nzega, tena alirudi siku hiyohiyo akilalamikia hali ya hewa. Raudha naye hakuwahi kuiona bahari. Alikuwa nayo kwenye jina la ukoo na kwenye katuni, basi.

Idi ilipokaribia, Maulidi alimwahidi kwamba sikukuu hii watatoka matembezi. Siku chache baadaye akapiga simu. Nyuma yake karasha la kusagia mawe lilikuwa linanguruma, na sauti yake siku hiyo haikuwa ya pweza wala ya nguva.

"Lauza, nakuuliza jambo. Mimi najua nyie kwenu binti anataja mwenyewe. Sasa nataka utaje. Unataka mahali gani?"

Raudha alisikia nusu, nusu nyingine ikasagwa na karasha. Alisikia mahali. Moyo wake ukaruka: matembezi hayo.

"Nikitaja utaweza?"

"Taja. Hata kama ni kubwa, nitajitahidi. Nina wajomba."

Wajomba wanaingiaje kwenye matembezi, Raudha hakuelewa, ila wakati mwingine Maulidi alikuwa anaongea kama filamu zake.

"Basi mimi nataka bahari."

Upande wa pili Maulidi akapaza sauti juu ya karasha.

"Bahali?"

"Bahari. Ile yenyewe, ya chumvi. Usije ukaniletea habari za ziwa."

"Lauza, leo sitanii."

"Wala mimi sitanii. Bahari, au niache nikae zangu nyumbani kwa baba."

"Ukae nyumbani kwa baba."

"Na cherehani yangu."

"Haya," alisema Maulidi. "Nimesikia."

Raudha alikata simu akiimba. Akajishonea gauni la bluu lenye marinda ya mawimbi, la kuvalia ufukweni. Hakumwambia mtu. Jioni hakuna pweza aliyepiga, na asubuhi hakuna nguva. Alipopiga yeye, simu iliita mpaka ikachoka. Siku ya tatu ukaingia ujumbe: *Nimeshindwa. Nisamehe. Utapata mwenye uwezo.*

Aliusoma akiwa amesimama, akausoma akiwa amekaa. Mwanaume mzima anavunja mapenzi kwa nauli ya basi la Dar es Salaam. Hata hakusema twende mwakani. Hata hakusema tuanze na Mwanza, tukaone maji kwanza.

"Kwani yule mteja wako wa kigodani yuko wapi?" aliuliza Mzee Swaleh.

"Nguo yake imeisha, baba."

"Mbona hajaichukua?"

Raudha akakanyaga cherehani kwa nguvu hadi uzi ukakatika. Idi ikaja, ikapita. Gauni la bluu akalitundika nyuma ya mlango, na kila mlango ulipofunguliwa marinda yalitikisika yakimcheka. Katuni aliziacha kabisa. Hata maji ya kunawa aliyaangalia kwa jicho baya.

Ungekuwa ndio mwisho, kama si zipu. Alikwenda sokoni kununua zipu, na njia ya duka la zipu inapita mbele ya banda la Stanslaus. Runinga ilikuwa inawaka. Jitu la majini lenye shingo ya twiga na macho ya bundi lilikuwa limekaa juu ya mwamba linaangalia mwezi. Mwenye filamu yake, huko alikotoka, alikuwa ameweka kinanda tu, jitu haliongei kitu. Lakini Maulidi alikuwa ameweka maneno. Raudha akasikia sauti ile, akasimama palepale.

"Niliuliza mahali," jitu lilikuwa linaomboleza, "nikajibiwa bahali. Mimi mtu wa Kalumwa. Ningeambiwa ng'ombe, ningeswaga. Ningeambiwa mbuzi, ningefunga kamba. Sasa bahali utaifunga kamba sehemu gani? Wajomba wameniambia, kijana, huko ni kukataliwa kwa adabu, watu wa pwani ndivyo wanavyokataa. Nami nikanyamaza."

"Stanslaus," Raudha alisema. "Rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha. Jitu likaomboleza upya.

"Hapo mwanzo. Anasema mahali, au anasema mahari?"

Stanslaus alifikiri kwa haki. "Kwa Maulidi? Hicho ni kitu kimoja."

Raudha akakaa juu ya kreti la soda. Mahari. Mwanaume alikuwa anamposa, amefuata taratibu, amempa nafasi ya kutaja mahari yake mwenyewe kama anavyostahili mwanamke wa Kiislamu, na yeye akamtajia bahari. Nzima, ya chumvi. Akakataa hata ziwa.

"Unalia au unacheka?" aliuliza Stanslaus.

"Sijajua bado."

Kesho yake alipanda gari la alfajiri la Geita, amevaa gauni la bluu, maana kama halikuiona bahari angalau lingeona Kalangalala. Kuupata ukumbi hakukumpa shida. Uliza kwa Maulidi, uambiwe fuata radi.

Ndani kulikuwa na kiza cha mchana, jua likitoboa mabati vitobo vitobo. Watoto walikaa mbele kwenye mkeka, wachimbaji nyuma kwenye mabenchi, wengine na kofia zao za taa kichwani. Kwenye pazia msichana alikuwa anatembea ufukweni, na jitu la majini linachungulia kutoka kwenye maji. Maulidi alikuwa kando, mgongo kwa mlango, maiki mdomoni. Alikuwa amekonda kidogo. Raudha akapita kati ya magoti ya watu, akafika, akaishika maiki ile, mkono wake juu ya mkono wa Maulidi, akaivuta upande wake.

"Wewe jitu," alisema, na sauti ikatoka kwenye spika zote, "ulikimbia kwa nini?"

Kwenye pazia msichana alikuwa amefungua mdomo wakati huohuo. Watoto hawakuona ajabu yoyote. Maulidi aligeuka, akamwona, na kwa mazoea ya kazi akajibu kwa sauti ya jitu, ila jitu lililoshikwa na kwikwi:

"Niliombwa bahali."

"Uliniuliza mahali. Pa kwenda kutembea."

"Mimi? Mimi niliuliza mahali. Ya kuolea."

"Hiyo ni mahari."

"Ndivyo ninavyosema siku zote."

Mchimbaji mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono wa watu wa makarasha ambao unasikika mpaka nje: "Hii filamu imetafsiriwa vizuri sana."

Kwenye pazia papa alikuwa ameshafika, anafungua mdomo, anafunga, hakuna anayemsemea.

"Kwa hiyo hukunikataa," alisema Maulidi. Sauti ya jitu ilikuwa imemtoka.

"Nilikuwa natafuta matembezi, wewe. Nimeshona na gauni."

Aliliangalia gauni, rinda kwa rinda. "Limependeza."

"Najua. Uliza tena."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hawa si watu wako? Uliza. Usiulize kwa pweza wala kwa nguva. Uliza wewe."

Maulidi akafuta jasho. Watoto wakageuka, wakampa pazia mgongo.

"Lauza binti Swaleh," alisema, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "unataka mahali gani?"

Raudha alitazama kilichokuwa mkononi mwake, bado kina joto.

"Maiki," alisema.

"Maiki?"

"Mahari yangu ni maiki. Siyo hii, hii ina mate yako. Mpya, ya kwangu. Kuanzia leo wasichana wote kwenye filamu zako nawasemea mimi. Wewe unawafanya wanaongea kama wajomba wenye mafua."

Ukumbi ulipiga makofi hadi vumbi likashuka darini. Papa akaondoka bila kusema neno.

Wajomba wa Kharumwa waliona aibu kubeba maiki peke yake. Wakaleta pia ng'ombe, kwa lori, na ng'ombe mmoja akashuka kabla ya kushushwa, akaingia dukani kwa Mzee Swaleh akatoka na kitenge kwenye pembe. Mzee Swaleh alisema huko pwani jambo hilo ni la kawaida kabisa. Shehe aliuliza mahari mara tatu, akaambiwa maiki mara tatu, akauliza kama ni jina la mtu. Alipoonyeshwa, akaigonga kwa kidole, akatikisa kichwa, akafungisha ndoa.

Raudha aliipokea maiki yake akiwa na wanawake, upande wa ndani, hina bado nyeusi mikononi. Hakungoja wali uive. Akaichomeka kwenye spika ya ngoma.

"Moja, mbili," alisema. "Wewe jitu, upo?"

Kule nje, kwenye turubai la wanaume, vichwa vikamgeukia bwana harusi. Kisha sauti moja, isiyo ya jitu wala ya pweza, ikajibu kwa nguvu bila kipaza sauti chochote:

"Nipo, mke wangu."