Aliyeshika Bega la Makokha

Yaliyompata rafiki yangu Makokha, fundi viatu wa Makadara, yalimpata mchana kweupe. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, kanisa lao lilipowapeleka watoto Nyandarua kuona maporomoko ya maji na pango walimojificha wapiganaji wa msituni.

Makokha alitangulia na tochi. Watoto walimfuata kama walivyozoeshwa kuvuka Barabara ya Jogoo: kila mmoja ameshika bega la aliye mbele yake, wote wakiimba, na mwalimu wao Wangeci akiwa wa mwisho. Huko ndani kabisa tochi ikazima.

“Geukeni!” akaita. “Mfuateni mwalimu Wangeci!”

Mstari ukageuka, na Makokha aliyekuwa wa kwanza akawa wa mwisho. Akashika bega la bintiye Lorine, wakaanza kurudi gizani, maji yakidondoka pembeni. Hapo ndipo mkono mdogo, wenye baridi, ulipomshika bega kutoka nyuma.

“Nani amebaki huko?”

Lorine akamponyoka, akakimbilia mwanga.

“Baba Lorine, unangoja nini?” Wangeci aliita kutoka mlangoni mwa pango. “Watoto wote wako hapa!”

“Angalia tena, mwalimu. Nina mmoja huku.”

“Wote wako hapa! Wacha mchezo, toka!”

Makokha alisimama. Hakuweza kumwacha mtoto gizani, wala hakuthubutu kumtoa nje. Watoto mlangoni walikuwa wamenyamaza. Nyuma yake, mwenye ule mkono akaanza kuimba wimbo wao polepole, na kutoka ndani kabisa ya pango, sauti nyingi za watoto zikaitikia.