Bluu ya Pazia la Tano

Kwa nini bluu ya pazia la tano ilikataa kufanana na bluu ya pazia la kwanza? Nilisimama uani, vitabu vyangu vya chuo kwapani, nikaitazama kamba ya kuanikia. 

Mama yangu hutia vitambaa rangi, kisha huvichapa michoro aliyoibuni mwenyewe. Miezi saba iliyopita aliacha kushona sare kiwandani ili ajitegemee kwa sanaa hiyo. Sasa maktaba ilikuwa imemwagiza mapazia manane ya bluu moja. Manne ya kwanza yalikolea vizuri. Manne ya pili, yalipokauka, yalipauka. Zilibaki siku sita.

"Waambie ndiyo mitindo ya kisasa," Baba alitania. Kisha akashusha sauti. "Lakini tuliafikiana, mke wangu. Kazi hii ikiharibika, unarudi kiwandani."

"Sijasahau," Mama alijibu.

Nilikwenda kumwita jirani yetu, fundi rangi mstaafu. Mtaa mzima humwita Bibi Mizani, kwa sababu hata chumvi ya mboga huipima.

"Rangi uliipimaje, mwanangu?" alimuuliza Mama.

"Kwa kiganja, Bibi. Mkono wangu umezoea."

"Mkono wa asubuhi si mkono wa jioni. Na ulilinganishaje?"

"Nililitoa la tano kwenye beseni, nikaliweka kando ya la kwanza. Yalikuwa pacha."

"La kwanza kavu, la tano limelowa?"

Mama aligeuka kuitazama kamba.

"Kitambaa kilicholowa ni mwongo," Bibi alisema. "Hujionyesha kimekolea. Kikaushe kwanza, ndipo ulinganishe. Na uandike. Rangi bila daftari hupotea bila habari."

"Basi nimekwisha?"

"Yaliyopauka huongezwa rangi. Yangekolea kupita kiasi, ningekupa pole nikajiendea zangu."

Alileta mizani yake. Tulikata vipande vidogo kutoka mabaki ya kitambaa kilichopauka. Tulipima kila kipande kikiwa kikavu, tukapima rangi, chumvi na maji, tukatazama saa. Kila kilichotoka kwenye beseni tulikisuuza na kukikausha kwa pasi kabla ya kukilinganisha. Mimi niliandika. Vipande vitatu vilitukataa. Cha nne Mama alikiweka juu ya pazia la kwanza, akakitafuta kwa macho asikione, akacheka.

Siku ya sita, baada ya kuyaongeza rangi yale manne kwa vipimo hivyo, mapazia manane yalitundikwa maktabani. Mkutubi alipita dirisha hadi dirisha.

"Lipi ulianza nalo?" aliuliza.

"Nionyeshe wewe," Mama alisema.

Mkutubi alishindwa kulitambua. Akaagiza mengine kumi kwa ajili ya chumba cha watoto. Baba, aliyekuwa bado ameshikilia ngazi, alimgeukia Mama.

"Nitayatengeneza," Mama alituambia sote. "Kiwandani sirudi. Na kuanzia leo, hakuna kitambaa kitakachotoka mikononi mwangu kabla sijabandika kipande chake na kuandika vipimo vyake daftarini."