Mshumaa Uliorudi Mrefu

Mshumaa ulishuka shimoni ukiwa nusu kidole, ukarudi kidole kizima.

Mama Mapacha aliutoa kwenye kopo, akaugeuza, akaunusa. Nta ileile ya njano, utambi uleule uliopinda kushoto. Akasema moyoni, nimechoka mimi, macho yananichezea. Akamwambia mumewe, "Shuka, pako safi." Saa tatu asubuhi hiyo, jua linawaka, watu wanapiga soga na vikombe vya chai mkononi. Nani angehangaika na urefu wa mshumaa?

Kazi ya pale ilikuwa kuchoma mawe. Mawe ya chokaa yanamiminwa juu ya tanuru, tanuru lenyewe refu kama ghorofa tatu, na moto hauzimwi mchana wala usiku. Jiwe likishika moto sawasawa linatoa pumzi, na hiyo pumzi ndiyo mali. Pampu inaivuta kwa bomba, inapita kwenye mnara wa maji kuoshwa masizi, halafu inashindiliwa kwenye mitungi ya chuma na kupelekwa viwanda vya soda. Yale mapovu yanayokuwasha pua ukinywa soda ya baridi ndiyo hayo. Jiwe likishatoa pumzi linabaki chokaa nyeupe, inadondoka chini ya tanuru, na chini kuna shimo. Lazima mtu ashuke na reki ndefu, aikokote chokaa mpaka kwenye kidirisha cha upande wa pili, itoke nje.

Ubaya wa gesi ile haina rangi, haina harufu, na ni nzito. Pampu ikilegea kidogo tu, inateremka shimoni na kutulia kama maji kwenye beseni. Mtu akiingia anavuta pumzi mbili tatu, anakaa chini kama aliyechoka, na habari yake imeisha. Ndiyo maana mshumaa unatangulia, ndani ya kopo, kwa kamba. Ukizimika, hakuna kushuka. Ukiwaka, mtu anafunga kamba kiunoni anashuka, na kila akikokota mara kumi anagonga bomba la ukutani. Ko, ko, ko. Maana yake niko hai. Wa juu anajibu mara mbili. Ko, ko. Nimekusikia.

Wa chini alikuwa Baba Mapacha, wa juu mkewe. Yule bwana hakukubali kamba yake ishikwe na mtu mwingine.

"Huyu nikifa atakosa wa kumnunia," aliwaambia wenzake. "Kwa hiyo lazima anivute."

Nyumbani nako mchezo ulikuwa huohuo. Baba yuko bafuni, pacha mmoja anagonga mlango mara tatu, baba anajibu mara mbili, watoto wanacheka mpaka wanakaa chini.

Siku ya pili mshumaa ukarudi mrefu tena. Siku ya tatu, vilevile. Mama Mapacha sasa alikuwa anapima kwa kidole chake na hakuwa na la kujidanganya. Akaanza kuangalia watu.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa nyapara. Tangu kampuni ianze kuchimba mawe kwenye kilima kipya, mawe yenye uwazi ndani, ukiyagonga yanalia kama chungu kitupu, mshumaa ulikuwa unazimika mara mbili tatu kwa siku na kazi inasimama. Nyapara alikuwa anatembea huku na huku anafyonza meno. Halafu ghafla, wiki hii, mshumaa hauzimiki kabisa. Na kile kidirisha cha kutolea chokaa kiko upande wake. Mtu mwenye mkono mrefu na roho ngumu anaweza kupenyeza mshumaa mpya, akauwasha, akatoa wa zamani. Mama Mapacha aliangalia mikono ya nyapara siku nzima. Ilikuwa mirefu.

Kumbe na nyapara alikuwa anamwangalia yeye.

"Mama Mapacha," alimwita pembeni, "zamani nilikuwa nakupa mshumaa asubuhi na mwingine mchana. Huu mmoja una siku nne. Unaniambia unateremsha?"

"Nateremsha."

"Mshumaa gani huo unaowaka usiishe? Sema tu umechoka, unakaa hapo unaongopa pako safi. Mume ni wako, lakini akifa kesi ni yangu."

Akarudi kwenye kamba yake. Jioni, wanarudi nyumbani kwa miguu, mumewe alitangulia mbele njia nzima. Walipofika mlangoni ndipo akasema, taratibu, kama anayeuliza bei.

"Nyapara anasema huteremshi kopo. Nimekukosea nini, mke wangu?"

"Na wewe unamwamini?"

"Nimeuliza tu."

Alikuwa ameuliza, ndiyo, lakini usiku alilala ameelekea ukutani.

Asubuhi ya siku ya tano Mama Mapacha alikuja na akili yake. Jino lake moja la mbele lilivunjika utotoni, na alama ya meno yake mtu haiigizi. Akaung'ata mshumaa kwenye kitako, akang'ata kwa nguvu mpaka nta ikamganda kwenye fizi. Sasa mtu aubadilishe tuone. Nyapara alikuwa amesimama hukohuko juu, hatua mbili kutoka kwake, gazeti la mikeka ya kubashiri mpira limekunjwa mfukoni, macho kwenye kamba. Amekuja kuhakikisha.

Kopo likashuka. Wote watatu wakachungulia. Huko chini mwali ulisimama wima, umetulia, haupepei hata kidogo.

"Unawaka," nyapara akasema.

"Nauona," Baba Mapacha akasema. Akafunga kamba kiunoni bila kumwangalia mkewe.

"Subiri nilitoe kopo kwanza."

"Unawaka, mama. Macho ninayo."

Akashuka. Kopo likapanda, wakapishana katikati ya ngazi ya chuma, yeye na mshumaa wake.

Mama Mapacha aliutoa akaupindua. Alama yake ilikuwepo, na pengo lake lilikuwepo. Na juu ya alama yake palikuwa na nyingine, ya meno membamba yaliyosongamana kama meno ya kitana, yamezunguka mshumaa mzima mpaka yakakutana na yalipoanzia. Mshumaa uliotoka kuwaka ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Baba Mapacha," aliita. Sauti ilitoka ndogo.

Ko, ko, ko.

"Si huyo?" nyapara akasema. "Mzima. Mjibu."

Mkono wa Mama Mapacha ulikuwa umeshanyanyuka kujibu, ukasimama hapohapo hewani, kwa sababu alikumbuka kitu ambacho nyapara asingekijua, mtu wa kukaa na karatasi, lakini yeye aliyesimama juu ya shimo lile miaka sita alikijua kama mapigo ya moyo wake: mume anagonga baada ya kukokota mara kumi, na reki ya chuma kwenye sakafu ya tofali inakwaruza mpaka meno yanakufa ganzi, na tangu ashuke hajasikia mkwaruzo hata mmoja.

"Hajakokota," alisema.

"Nini?"

Alilichomoa gazeti mfukoni mwa nyapara, akachana ukurasa, akaupiga kiberiti, akaudondosha. Karatasi ilishuka inawaka vizuri. Ilipofika usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama chini, ikazimika, ghafla, kama iliyotumbukia majini.

Ko, ko, ko, bomba likagonga. Kwa furaha kabisa.

"Vuta," Mama Mapacha alisema, na nyapara hakuuliza tena, wakaishika kamba wawili wakavuta, mikono ikachubuka, na ule mzigo ulikuwa unapanda kama gunia, hausaidii, hauguni, unagonga ngazi kila hatua, na wakati wote huo kule chini bomba linagongwa, ko, ko, ko, linasubiri, ko, ko, ko, mpaka kichwa cha Baba Mapacha kikatokea ukingoni, midomo ya majivu, macho nusu, na wakamlaza kwenye mbao mikono yake miwili ikiwa wazi mbele yao.

Ko, ko, ko.

Nyapara aliiangalia ile mikono. Kisha akalitazama shimo. Hakuna aliyejibu. Chini kukawa kimya kidogo, kama mtu anayefikiri, halafu kile kitu kikajijibu chenyewe. Ko, ko.

Mama Mapacha alimpulizia mumewe hewa mdomoni, akampiga makofi, akampulizia tena, akimtukana kwa majina yote aliyowahi kumwita tangu uchumba. Baba Mapacha akakohoa. Akafungua macho, na la kwanza alilosema lilikuwa hili:

"Mbona ulishuka?"

"Nani kashuka?"

"Wewe. Ulikuwa chini unanishikia mshumaa. Ukaniambia kaa kidogo upumzike." Akamwangalia vizuri, akasogea nyuma kidogo. "Ulikuwa na meno yote."

Mchana nyapara mwenyewe alikwenda kumleta mganga. Watu walitegemea mzee mwenye mkongojo. Akashuka garini kijana wa viatu vyeupe vya michezo, mkoba wa ngozi begani, anasikitikia vumbi. Lakini alipoweka sikio kwenye ukuta wa tanuru, maringo yote yalimwisha. Alisikiliza muda mrefu, akaondoa sikio limekuwa jekundu.

"Haya mawe mmeyatoa wapi?"

Nyapara akamwambia kilima kipya.

"Mmemvunjia nyumba mwenye kilima. Mkaipika, naye yumo ndani. Na pumzi yake mnaivuta mnaiuza. Mnashangaa nini yeye akivuta zenu?"

"Tufanyeje?"

"Zimeni kila kitu."

"Tanuru halizimwi, mtaalamu," nyapara akasema kwa upole. "Likipoa linapasuka. Watu themanini wanakula hapa."

Mganga alitazama viatu vyake. "Basi nitamtoa moto ukiwaka. Ila sipendi."

Alikaa kwenye ukingo wa shimo na chetezo, akafukiza, akasoma kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyeshika neno. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu ikaja harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu, pale, katikati ya masizi, na jua juu. Ukuta wa tanuru ukaanza kugongwa kutoka ndani, chini kabisa, kisha kwenye usawa wa kiuno, kisha juu ya vichwa vyao, kitu kinapanda polepole kama mtu anayetafuta mlango gizani kwa viganja, kinapanda mpaka kileleni, kikazunguka, kikazunguka tena, kisha bomba kubwa likatetemeka lote mpaka kutu ikadondoka, na maji ya kwenye mnara yakachemka bila moto. Halafu kimya. Pampu tu, inavuma kama kila siku.

Mganga akadondosha karatasi inayowaka shimoni. Iliwaka hadi sakafuni, ikaisha yenyewe.

"Katoka," alisema. Jasho lilikuwa linamchuruzika kidevuni.

Watu wakashukuru, wakapeana mikono. Mama Mapacha peke yake alibaki anatazama juu. Kilele cha tanuru kina kifuniko, na mawe yakishamiminwa kifuniko kile hubanwa kwa lakiri ya udongo ili mali isipotee. Hakuna mlango kule. Iko njia moja tu.

"Nyapara," alisema, "ametokea wapi?"

"Si umesikia, juu."

"Juu kuna nini zaidi ya bomba la gesi?"

Nyapara akamwangalia. Nyuma yake vijana wa mitungi walikuwa wanaviringisha ya mwisho kwenye lori, arobaini kamili, imejaa.

"Mama Mapacha. Mtaalamu kasema katoka. Unataka nisimamishe lori, niwaambie wenye soda kitu gani?"

Lori likaondoka. Mama Mapacha alilisindikiza kwa macho mpaka kona, na akajiona mjinga kwa kuhesabu mitungi.

Alipiga marufuku soda nyumbani. Mumewe, ambaye kifua hakikumrudia sawasawa, na shimoni hakushuka tena, alimcheka kidogo, ila hakubishana. Wiki tatu zikapita. Jumapili moja Mama Mapacha akarudi kutoka kisimani na ndoo mbili, akakuta nyapara amekaa sebuleni na nguo zake safi, amekuja kumwona mgonjwa. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa anamwomba Baba Mapacha msamaha kwa yale maneno ya siku ile, na alikuwa anamaanisha.

"Nimewaletea na watoto kitu kidogo," alisema.

Mezani palikuwa na chupa mbili za soda. Ya pacha mdogo ilikuwa imefunguliwa, imejaa, haina povu hata moja. Ya pacha mkubwa ilikuwa tupu.

Mama Mapacha alitua ndoo. "Umekunywa yote?"

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, midomo ameifunga, macho yanacheka, kama anayezuia kucheua mbele ya mgeni. Ikaja harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu.

Ko, ko, ko.

Sauti haikutoka mezani, wala mlangoni. Baba Mapacha alikuwa ameshasimama, mkono kifuani, anamtazama mwanawe mkubwa, shati lake linavyotikisika kwenye mbavu.

Na pacha mdogo, kwa furaha ya mtoto anayeujua mchezo, akachukua kifuniko cha chupa yake, akagonga meza mara mbili.