Bomba Halikuzibwa

— Leo unamwambia baba au humwambii?

— Phyllis, meli inaondoka baada ya saa moja...

— Ndiyo maana nakuuliza sasa hivi!

Lancelot Dodds, afisa wa pili wa meli ya mizigo Elsdon, alitazama nje kama mtu anayetafuta jibu kwenye Mto Tyne. Makaa ya mawe ya mwisho yalikuwa yanaporomoka tumboni mwa meli kwa kishindo, na vumbi jeusi lilitanda bandari yote ya South Shields, Uingereza. Phyllis Heslop alikuwa amepanda hadi chumba cha usukani na glovu zake nyeupe za Jumapili, bila kujali vumbi wala macho ya watu. Alikuwa amechoka kupendwa kwa siri.

Dakika moja kabla hajaingia, Lance alikuwa anaongea na baba yake Phyllis kwa bomba, lile la shaba linalopeleka sauti hadi chumba cha injini. Unachomoa kizibo, unapuliza, filimbi inalia huko chini, mnaongea.

"Bwana Heslop, mvuke umefika wapi?"

"Subiri nikaangalie."

Ndipo mlango ukafunguka, Phyllis akaingia, na Lance akasahau kila kitu, pamoja na kizibo.

— Mwaka mzima, Lance! Yeye ndiye fundi mkuu wa injini, mko meli moja, unashindwa kumwambia neno moja tu?

— Ameapa hatamwoza binti yake kwa mtu wa juu, afisa wa sitaha kama mimi. Na unajua kwa nini.

Phyllis alijua vizuri sana. Meli ya zamani ya baba yake ilipoanza kuzama, watu wa juu walishusha boti bila kupuliza bomba. Cuthbert Heslop na wachochea moto wake walipata habari maji yalipowafika kiunoni, na wawili hawakutoka. Miaka kumi na moja sasa hajakanyaga chumba cha usukani cha meli yoyote, na mtu wa juu akimsalimu, yeye hujibu kwa kukohoa.

— Basi tusimwombe, alisema Phyllis. Nimeshauliza kwa msajili wa ndoa. Ukirudi kutoka Genoa tunaoana kimya kimya, yamekwisha.

— Hapana.

— Hapana?

— Siwezi kumwibia mzee yule.

Phyllis alihisi uso unamwaka moto.

— Sema tu humtaki binti wa mtu mwenye kucha nyeusi!

— Kucha nyeusi? Phyllis, hivi unamjua baba yako kweli? Safari iliyopita, Ghuba ya Biskei, dhoruba ilitupiga kwa saa kumi na tisa mfululizo. Kila wimbi kubwa likiinua mkia wa meli, pangaboi linatoka nje ya maji, injini inakimbia kama imepandwa na wazimu. Asipoubana mvuke papo hapo, inavunjika, na sisi ndiyo basi tena. Saa kumi na tisa kasimama na mkono wake kwenye gurudumu la mvuke, hali, halali! Sisi wa juu tunavaa vifungo vya dhahabu watu watuone. Anayeturudisha nyumbani ni yule mzee.

— Na wewe ulikuwa wapi?

— Hapahapa, mdomo kwenye bomba. Kila wimbi nililoliona nilimwambia, "Linakuja, Bwana Heslop." Hakunijibu hata mara moja, ila injini ilitulia kila nilipomwambia. Leo nimchukulie binti yake kwa mlango wa nyuma, kesho nimpulizie bomba kwa mdomo gani?

Phyllis alimpenda zaidi kwa maneno hayo, na hasira zikamzidi hapohapo. Akashika kitasa cha mlango.

— Ukiondoka leo hujamwambia, usinitafute tena. Nakuapia!

Bomba likakohoa.

Wote wawili wakageuka. Kizibo kilikuwa kinaning'inia kwenye mnyororo wake.

— Mvuke ni ratili mia na hamsini, ilisema sauti ya Heslop. Nilikuwa nasubiri mnipe nafasi.

— Baba! Umesikia kuanzia wapi?

— Kuanzia "Leo unamwambia". Hata wachochea moto wamesikia, wameacha makoleo wote. Dodds!

— Naam, Bwana Heslop.

— Yale mawimbi ya Biskei. Uliniambia mia nne na kumi na mawili. Niliyahesabu.

Lance akavua kofia mbele ya bomba.

— Msitoke hapo, sauti ikaongeza.

Viatu vya mbao vikagonga ngazi ya chuma, taratibu, ngazi baada ya ngazi. Heslop akatokea mlangoni, jasho linamtiririka, akasita na mguu mmoja hewani. Kisha akaingia. Alifuta mkono wake kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mkono wenyewe, akashika mkono wa binti yake.

— Baba, glovu yangu!

— Nyamaza, mwanangu.

Akauweka mkono huo ndani ya mkono wa Lance, akaibana yote miwili kwa nguvu.

— Binti yangu huyu hapa, kwa mlango wa mbele. Haya, sasa ziba bomba, kijana. Watu wa chini wana kazi.

Miezi minne baadaye, mama yake Phyllis alilalamika hadi mlangoni mwa kanisa.

— Glovu mpya zipo, unavaa hiyo yenye vidole vyeusi! Watu watakucheka!

— Wacheke, mama. Hii ndiyo ruhusa yangu.

Kasisi akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Kanisa zima lilisubiri kikohozi.

— Mimi! alijibu Heslop, kwa sauti iliyozoea kushindana na injini, kisha akalia mbele ya watu wa juu na watu wa chini.