Resi za Kumzika Lusajo

Pikipiki ilipanda mlima wa Itende ikiwa na abiria wawili, gunia la viazi na jogoo aliyefungwa miguu, na kitu pekee kilichosikika ni jogoo.

Injini ilikuwa inawaka, tena kwa nguvu zake zote, maana mlima ule hauna huruma na mtu. Lakini mngurumo haukutoka. Kwenye ncha ya ekzosi palikuwa na kopo la chuma, ukubwa wa kikombe cha chai, nalo ndilo lililoitwa kimezasauti. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitengeneza. Sikio dogo lililomo ndani husikiliza mlio wa injini, kisha kinywa kidogo hutoa mlio mwingine ulio kinyume chake kabisa. Wimbi moja likipanda, jingine linashuka, na mawimbi hayo yakikutana yanauana. Kilichobaki ni moshi mwembamba wenye harufu ya miwa, kwa sababu miaka hiyo pikipiki za Mbeya zilikuwa zinakunywa spiriti ya miwa. Za betri zilijaribiwa, jamani, wala si mara moja. Milima ikazishinda.

Aliyesimama kando ya barabara akitabasamu peke yake ni Mhandisi Tusekile Mwaipopo, aliyekibuni kitu hicho.

Usidhani alikibuni kwa kuwachukia madereva. Mama yake alimaliza siku zake katika wodi iliyopakana na barabara kuu, enzi zile vijana walikuwa wakikata ekzosi makusudi ili pikipiki ipasue hewa kama baruti. Kila ilipopita moja, yule mama ambaye hakuwa na nguvu hata ya kunyanyua kijiko alishtuka mwili mzima. "Mwanangu, huko nje hawana wagonjwa?" aliuliza. Tusekile alipokuja kupata elimu na maabara yake mwenyewe, hakuhitaji kutafuta pa kuanzia.

Jiji likakipenda kimezasauti kuliko hata alivyotarajia. Ikatungwa Sheria ya Utulivu, na usimamizi wake ukakabidhiwa kwa Ubongo wa Jiji, ile akili ya mashine iliyokuwa tayari inaongoza taa za barabarani, maji na magari ya taka. Sasa ikapewa na masikio. Pikipiki yoyote iliyovuka kiwango cha mlio, Ubongo uliifunga injini papo hapo, na dereva akatakiwa kuisukuma mwenyewe hadi ofisini ikafunguliwe. Watoto wachanga wakalala mchana. Walimu wakamaliza sentensi zao. Wagonjwa wakafa kwa amani, na wengine, nasikia, wakapona.

Na madereva je? Mh! Madereva walinung'unika mpaka midomo ikachoka. Mmoja alilalamika kwamba abiria wanasinzia mgongoni kwake, ipo siku atafika na kofia tupu. Mwingine alisema mkewe alizoea kumfungulia mlango akisikia mlio wake kwenye kona, siku hizi anagonga kama mgeni. Mzee mmoja wa kijiwe cha Mwanjelwa, ambaye huwa hasemi sana, alisema hivi: "Zamani nilikuwa napita, watu wanajua nimepita. Sasa napita kama sikuzaliwa." Hakuna aliyecheka.

Gwamaka, mdogo wake Tusekile wa tumbo moja, alikuwa dereva wa kijiwe hichohicho. Alikubali kufungiwa kopo lile kwa shingo upande kwa kuwa ni kazi ya dada yake, na wenzake wakamtania wee, wakimwita Bwana Kimya. Alivumilia. Hakuwahi kumwomba dada yake kitu chochote kuhusu mambo hayo, hadi Alhamisi moja alipoingia maabara bila hodi, kofia mkononi, macho mekundu.

"Dada, Lusajo amefariki."

"Lusajo yupi? Huyu aliyekufundisha kuendesha?"

"Huyo huyo. Ini. Amehangaika nalo tangu mvua zianze."

"Pole sana, mdogo wangu. Jamani, Lusajo!" Tusekile akavuta kiti. "Kaa basi."

Gwamaka hakukaa. "Tunazika Jumamosi. Nimekuja kukuomba utufungulie sauti."

Hapo sharti msomaji aelewe kilichokuwa kinaombwa. Tangu enzi za babu zao, dereva wa bodaboda akifa, wenzake humsindikiza. Hufunga majani mabichi kwenye vioo, na pikipiki ya marehemu huendeshwa na rafiki yake wa karibu, kiti cha nyuma kikiwa wazi. Jeneza likianza kushuka kaburini, wote hukoleza mafuta kwa pamoja. Injini hulia mpaka udongo wa kwanza uanguke. Huko ndiko kupiga resi. Wanaume wale hawakufundishwa kulia mbele za watu, kwa hiyo injini huwalilia.

"Si muda mrefu, dada. Jeneza likishuka tu, basi. Mama yake mzazi kanipigia simu, kaniuliza, 'Gwamaka, mtampigia resi mwanangu?' Ningemjibu nini? Nikamwambia ndiyo, mama. Nimeshasema ndiyo!"

"Sheria inaruhusu magari ya wagonjwa na zimamoto tu."

"Nani aliiandika hiyo sheria?"

Tusekile alitazama chini. Sehemu ya vyombo vyenye ruhusa alikuwa ameiandika yeye mwenyewe, na alipoiandika alikuwa anamfikiria mgonjwa mmoja tu duniani.

"Nitaomba," alisema.

Na kweli aliomba. Alianza na Ubongo wa Jiji kupitia bangili ya kazini aliyokuwa anaivaa mkononi. "Maziko hayamo katika orodha, Mhandisi," Ubongo ulijibu kwa upole wake uleule wa siku zote. "Ukitaka kuyaongeza, nahitaji idhini ya Mkurugenzi." Akaenda kwa Mkurugenzi, mtu mzima mwenye busara zake, wala hakuwa mkatili.

"Binti, nikiruhusu hawa leo, kesho watakuja wenye harusi, keshokutwa mashabiki wa mpira. Kule karibu na makaburi kuna wazazi wamelazwa na watoto wao. Niwaambie nini?"

"Ni dakika chache tu, mzee."

"Kelele zote duniani ni za dakika chache."

Maneno yale Tusekile aliwahi kuyasema mwenyewe, katika ukumbi wa jengo lilelile, siku anaitetea sheria.

Ilikuwepo njia nyingine. Bangili yake ilibeba ufunguo wa mbunifu, uliokusudiwa majaribio, na kwa ufunguo huo angeweza kuvizima vimezasauti vyote vya kijiwe kimoja bila kumwomba mtu. Angefukuzwa kazi, pengine na mradi wenyewe ungekufa. Aliigusa bangili, akaiacha, akaigusa tena. Mwishowe akampigia mdogo wake.

"Gwamaka, nimejaribu. Wamekataa."

"Umejaribu kuomba, au umejaribu kufungua?"

Kimya.

"Haya, dada. Usijali, sisi tuko wengi."

"Wengi ndiyo nini?"

"Kifo cha wengi harusi," alisema Gwamaka, na simu ikakatika.

Tusekile alidhani ni hasira tu. Hakuwajua watu wa kijiwe, pamoja na kwamba amelelewa nyumba moja na mmoja wao. Watu wale wana hesabu yao ya siku nyingi: dereva mmoja akikosea, amekamatwa, kijiwe kizima kikikosea, hakuna askari wa kukikamata. Atambeba nani amwache nani? Askari wa usalama barabarani walilijua hilo, wakajifunza kugeuzia macho upande mwingine. Umoja huo uliwaokoa mara nyingi mno, wakasahau kwamba uliwaokoa kwa sababu askari ni binadamu, anachoka, anaona haya, anaogopa kuzingirwa.

Jumamosi mchana msafara ulitoka Mwanjelwa. Tusekile alipanda nyuma ya pikipiki ya dereva asiyemfahamu, kwani Gwamaka alikuwa anaendesha ya marehemu. Mbele jeneza; nyuma pikipiki zimejaa barabara mpaka jicho linaishia, majani yakipepea kwenye vioo. Na hapakuwa na mlio. Watu madukani hawakugeuka. Kijana mmoja alivuka katikati ya msafara akila hindi la kuchoma. Mama muuza ndizi aliinua kichwa akashtuka kukuta barabara imejaa. "Kuna nini?" aliuliza. "Msiba," akajibiwa. "Ala! Msiba wa nani unapita hivi?" Tusekile alilisikia swali lile, likamwingia hasa. Alitamani kushuka amwambie yule mama, ni Lusajo, dereva, alimfundisha mdogo wangu kushika breki. Lakini walikwisha kupita.

Makaburi yalikuwa bondeni. Mchungaji akamaliza maombi. Mama yake Lusajo, mwanamke mfupi aliyejifunga khanga mbili, akasogea hadi ukingo wa kaburi na kusimama akingoja. Alikuwa ameahidiwa.

Kamba zikaanza kulegezwa. Gwamaka akainua mkono juu. Ndipo Tusekile alipoona: kwenye kila ekzosi nati zilikuwa zimefunguliwa, makopo yananing'inia. Alitaka kupiga kelele, "Msifanye hivyo!" Hakuwahi. Mkono ukashuka, na mikono yote ikakoleza mafuta.

Loo! Bonde lilijaa. Lakini kwa pumzi moja tu. Ubongo wa Jiji haukuuona umati; uliona pikipiki moja, na moja, na moja, na kila moja ukaihukumu peke yake, zote kwa wakati ule ule. Injini zikakatika. Kisha kutoka kwenye kila pikipiki ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, yenye adabu, ikisema kwa pamoja juu ya kaburi lililo wazi: "Dereva, umevuka kiwango. Injini yako imefungwa. Asante kwa kulinda utulivu wa jiji letu."

Ilikuwa sauti ya Tusekile. Walipokitengeneza chombo, walihitaji sauti ya kuonya, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na kinasa.

Jeneza lilikuwa limesimama nusu ya kaburi, wabebaji hawajui washushe au wangoje. Mama Lusajo akageuka polepole, akawatazama wanaume wale wote na pikipiki zao zilizokufa.

"Mbona mmenyamaza, wanangu?"

Gwamaka alifungua mdomo amjibu. Kilichokuja ni mlio, mlio ule mtoto mdogo anaoufanya akisukuma gari la waya uwanjani, midomo ikitetemeka: vruuu, vruuu. Mtu mzima, mwenye ndevu! Ungeweza kucheka, kama usingeuona uso wake. Aliye karibu naye akaupokea. Akafuata yule mzee wa kijiwe. Kisha wote, mikono imeshika mipini ya injini zisizowaka, wakizungusha mafuta yasiyokwenda popote, wakaunguruma kwa vifua vyao. Na kwa kuwa kifua si injini, baada ya muda mlio ule ulipasuka katikati, ukawa kilio. Wanaume wale walilia, kwa sauti, mbele za watu. Jeneza likashuka.

Bangili ya Tusekile ikatetema. "Mhandisi, nasikia mlio uliovuka kiwango bondeni," ulisema Ubongo. "Hakuna injini inayowaka. Chanzo ni nini?"

Aliivua bangili, akaitia mfukoni. Midomo yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka tayari, na alipoiachia, haukutoka mlio wa pikipiki wala wa kitu chochote anachoweza kukieleza. Alimlilia Lusajo. Alimlilia pia mama yake mwenyewe, ambaye siku ya kumzika Tusekile alikuwa amejikaza sana asimlilie.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa na mashada kuwekwa, hakuna aliyemtazama Tusekile. Gwamaka alipita kando yake kama anayepita mti. Ni Mama Lusajo ndiye aliyemjia.

"Wewe ni nani kwake? Sijakuona kijiweni."

"Mimi ni dada yake Gwamaka, mama." Akameza mate. "Na ile sauti iliyosema kwenye pikipiki ni yangu. Mimi ndiye niliyewafunga midomo."

Mama Lusajo alikung'uta udongo mikononi.

"Mwanangu alikuwa ananipeleka kliniki kila mwezi," alisema. "Miaka yote hiyo nilikuwa namshika kiuno tu, hatusikilizani. Ulipokuja huo ukimya wenu, tukaanza kuongea njia nzima. Aliniambia njiani kwamba anaumwa. Nyumbani asingeniambia, namjua." Akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Kwa hilo, asante. Kwa hili la leo, mwenzangu, sitakudanganya. Limeniuma."

"Najua, mama."

"Hujui. Lakini umekuja."

Njia ya kurudi mjini ilikuwa mlima mtupu, na madereva walikuwa wameanza kuzisukuma pikipiki zao mmoja mmoja, migongo imeinama. Gwamaka alikuwa ameshika usukani wa pikipiki ya marehemu, anahangaika kuitoa kwenye udongo laini. Mama Lusajo akaiendea, akaweka kiganja chake juu ya kiti kilichokuwa wazi, kisha akamgeukia Tusekile.

"Shika hapo nyuma," alisema. "Pikipiki ya mwanangu hailali makaburini."

Gwamaka aligeuka, akamwona dada yake anavua viatu. Alingoja mpaka Tusekile aliposhika chuma vizuri, ndipo akaanza kuvuta.