Anayemtafuta Kidoti

Sauti ya tatu Dobi aliisikia mchana kweupe, akiwa anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia. Alikuwa anasikiliza mazungumzo aliyorekodi Jumapili kwa mama yake mdogo. Siku ile walikuwa wawili tu sebuleni, mlango umerudishwa. Sauti yake mwenyewe iliuliza, "Kwenu mlizaliwa wangapi?" na mama mdogo akajibu bila kusita, "Wawili. Mama yako na mimi." Kikasikika kitu kinakwaruza ubao, taratibu, kama kucha. Kisha mtu mwingine, karibu kabisa na simu, akauliza kwa sauti nzito iliyokauka, ya mtu asiyezoea kusema:

"Na Kidoti?"

Alipozinduka, pasi ilikuwa imeshaunguza shuka.

Shughuli hii ya kuulizia ukoo ilianzia kliniki. Dobi alikuwa na mimba ya tatu, na mbili za mwanzo zilitoka kabla hata majirani hawajazijua. Nesi alimwuliza kama kwao kuna kifafa, kama kuna kisukari, kama kuna mwanamke aliyewahi kufiwa na watoto wachanga, naye kila swali akajibu sijui, mpaka akaona haya, kama mtu aliyeokotwa njiani. Nesi hakumcheka. Alimwambia awaulize wakubwa wangali hai: aanze na yeye mwenyewe, apande kwa mama, kisha kwa mama wa mama, aulize walizaliwa wangapi, nani alikufa, kwa ugonjwa gani, na amezikwa wapi. Arekodi kwa simu, maana mengine hayasemwi mara mbili.

Mama yake alikuwa ameshafariki, na hata angekuwepo asingefaa kitu. Ulipomwuliza habari za kwao alianza kukunja nguo, hata zilizokwisha kukunjwa. Aliyebaki ni mama mdogo, aliyekuwa mpishi wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, mwanamke mwenye maneno ambaye aliweza kukusimulia sufuria iliyoungua miaka ishirini iliyopita mpaka ukatamani kuila. Lakini Jumapili ile alijibu kila swali kwa mkato, kama yuko mbele ya hakimu.

Dobi alimpa simu mumewe, fundi umeme, asikilize. Fundi akasema redio ya jirani imeingilia, maana jirani huyo redio yake inaweza kuingilia hata ndoa ya mtu. Hakucheka utani wake mwenyewe. Aliirudisha simu kama kitu cha moto, akauliza Kidoti ni nani. Dobi hakujua.

Baada ya hapo ikaja harufu. Msimamizi wa nyumba ya wageni alirudisha fungu zima la mashuka, akasema wageni wanalalamika kwamba yananuka mgonjwa. Dobi aliyafua upya, akazidisha sabuni, akayaanika juani kutwa. Yakiwa kwenye kamba yalinukia upepo. Ila pasi ikiyagusa tu, mvuke ulipanda na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu: jasho la kale, nywele zisizooshwa, mkojo uliokaukia kwenye godoro. Wateja wakaanza kupungua. Mmoja alimwambia mwenzake mlangoni, bila kushusha sauti vya kutosha, kwamba mimba imemfanya dobi wa watu awe mchafu.

Pasi alipigia chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo na rafu za nguo zilizokamilika. Mlango wa chumba hicho ukaanza kukutwa umefungwa komeo kwa nje, na hakuna aliyelifunga. Kila alasiri jua lilipolala upande wa uani, kitu kilikwaruza ubao kutoka ndani. Fundi akachukua bisibisi, akaling'oa komeo, akalitia mfukoni na kuondoka nalo kazini.

Alasiri hiyohiyo Dobi aliingia kuchukua mashati ya mwalimu mmoja, na mlango ukajifunga nyuma yake. Alisikia komeo likiteleza mahali ambapo komeo halikuwepo. Alisukuma, akapiga kwa kiganja, akaita, na sauti yake ikamrudia imepoa kana kwamba chumba kimejaa pamba. Harufu ikaja nzito. Alikaa chini, mgongo kwenye ubao, mikono juu ya tumbo, na hapo ndipo alipohisi kitu kinakaa nyuma yake ambako hapakuwa na nafasi ya kukaa, kitu kikubwa chenye joto la mnyama, kikamfungua kilemba polepole na kuanza kumpitishia vidole kichwani, vidole virefu kupita vya binadamu lakini vyepesi, vyepesi sana, vikigawa nywele mistari, vikisuka, vikisimama pale aliposhtuka na kungoja atulie, na pumzi ile ikimwambia sikioni kwamba sasa amerudi, kwamba amemtafuta nyumba kwa nyumba, kwamba wote wawili hawatatoka tena, Kidoti wangu, tulia, tulia, watakuja na chakula, na Dobi, ambaye alitaka kupiga kelele mpaka kuta zianguke, aligundua kwa hofu iliyopita hofu zote kwamba mwili wake unatulia kweli, kwamba kichwa chake kinaegemea, na kwamba mtoto tumboni ameacha kucheza.

Fundi alimkuta jioni amekaa palepale, mlango uko wazi. Mtoto alirudi kucheza walipofika barabarani, hewani. Dobi alilia njia nzima hadi kwa mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa amekaa barazani. Hakuuliza habari. Aliangalia kichwa cha Dobi, mistari myembamba iliyotoka utosini ikakutana kisogoni kama ya mtoto wa zamani, akasema kwa sauti ndogo, "Nani kakusuka hivi?"

"Sijui, mama mdogo. Ananiita Kidoti."

Yule mama akaanguka kutoka kwenye kiti. Hakuzimia. Walimwinua, wakamnywesha maji. Kesho yake alikuja mwenyewe nyumbani kwa Dobi, akiwa na bibi mmoja mganga. Bibi huyu hakuwa na hirizi wala vishindo. Alikuja na mkoba wa kawaida, akaomba kiti cha mgongo kwa sababu ya kiuno chake, akaingia chumba cha nyuma na kunusa mashuka kama mteja. Kisha akamgeukia mama mdogo na kumwambia aseme, maana yeye hawezi kuongea na mgeni ambaye hajui alikaribishwa na nani.

Mama mdogo akasimulia, macho yake yakiwa sakafuni. Hawakuzaliwa wawili, walizaliwa watatu. Wa kwanza alikuwa dada yao mwenye doa dogo jeusi kando ya mdomo, na kwa doa hilo nyumba nzima ilimwita Kidoti. Alipoanza shule akaanza kuanguka, povu mdomoni, macho juu. Wazazi walidhani ni pepo, na zaidi ya pepo waliogopa watu, kwamba mabinti wengine hawataolewa. Wakamweka chumba cha nyuma, wakafunga kwa nje. Chakula kilipitishwa, mlango ukarudishwa. Mama mdogo, mtoto mdogo wakati huo, alikuwa anakaa nje ya mlango na mwanasesere wake, na alisikia mle ndani watu wawili wakiongea. Alimsikia dada yake akicheka. Kila mlango ulipofunguliwa Kidoti alikuwa amesukwa vizuri, mstari kwa mstari, na hakuna mtu aliyekuwa anaingia kumsuka.

"Wakaleta mganga," alisema. "Walifukiza moshi siku nzima. Walimchapa yeye ili kile kitoke. Kikatoka. Nilikisikia kikipita juu ya paa kinalia. Baada ya hapo hakucheka tena. Aliendelea kuanguka vilevile, ila sasa alianguka peke yake. Hakumaliza hata masika."

Walimzika kwa haraka, hawakumwambia mtu, wakahama. Huko walikohamia waliwafundisha mabinti wawili waliobaki jibu la kumpa yeyote atakayeuliza, nao wakalirudia mpaka ndimi zao zikalizoea. Mama yake Dobi alizeeka nalo, akafa nalo.

Bibi mganga alijikanda kiuno.

"Walimfukuza rafiki, ugonjwa wakaubakiza," alisema hatimaye. Akaeleza kwamba jini huyu akifukuzwa atakwenda na atarudi, kwa sababu hana ubaya. Ana kitu amekipoteza. Amerudi akakuta chumba kitupu. Nyumba nzima ya watu hao haijawahi kumtamka yule mtoto, basi angemsikia wapi? Ni juzi tu mtu wa damu ile amefungua mdomo akauliza walizaliwa wangapi. "Kila aliyekufa ana watu wa kupelekewa habari," alisema. "Huyu hajaambiwa."

Wakakaa chini chumbani, mlango wazi, jua la alasiri likiingia. Fundi alisimama kizingitini ameshika fremu kwa mikono miwili. Bibi alimwekea Dobi kiganja utosini, akamwomba mgeni aje kwa amani na asimguse mtoto. Dobi alihisi joto lile likipanda kutoka kwenye nyayo, likamjaa kifuani, na ulimi wake ukawa si wake. Alikuwa ndani ya mwili wake kama abiria.

"Yuko wapi?" kinywa chake kiliuliza.

Bibi akamgusa mama mdogo bega. Kabla ya siku hiyo yule mama alikuwa hajalitamka jina lile tangu utoto.

"Kidoti amefariki," alisema. "Dada yangu amekufa. Tulimzika sisi."

"Lini?"

"Zamani. Mimi nilikuwa mtoto, sasa ni mzee. Masika yaleyale uliyofukuzwa."

Mashuka kwenye rafu yalianza kutetemeka pembe zake, hakuna upepo. Dobi alihisi kitu ndani yake kinalishika lile neno na kuligeuzageuza, kitu kisichojua kufa ni nini, kikijaribu kuelewa kwamba nyumba zote zile, milango yote ile, ilikuwa bure.

"Aliniita?"

Mama mdogo alimwangalia bibi mganga, kama anayeomba ruhusa ya kudanganya. Bibi hakutikisa kichwa upande wowote.

"Alikuita," alisema mama mdogo. "Mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nilimsikia. Halafu akawa anajisuka mwenyewe. Alikuwa hawezi, mistari ilikwenda kombo. Akaniuliza chini ya mlango kama ukirudi utacheka."

Kilio kilichotoka kooni mwa Dobi hakikuwa cha mwanamke wala mwanamume. Kilianza chini kama gari zito linalopanda mlima, kikapanda, kikaendelea kupanda pale ambapo pumzi ya binadamu ingekwisha, balbu ikapasuka darini, mbwa wa mtaa mzima wakanyamaza, na Dobi ndani yake alilia pia, alimlilia mama yake na nguo zake zilizokunjwa mara mbili mbili, akawalilia wawili wake ambao hawakufikia hata kupewa jina, mpaka hakujua tena ni kipi kilio chake na kipi cha mgeni. Kisha kile kitu kikatoka. Kilipita juu ya mabati kwa mshindo laini, kama mtu anayeburuta shuka lililolowa, kikaelekea mbali.

Mtoto tumboni alipiga teke. Chumba kilinukia sabuni.

Mama mdogo alikuwa amelala ubavu sakafuni, anajililia kimyakimya. Bibi alimzuia Fundi asimwinue. Akakusanya mkoba wake, akasema kazi yake imekwisha, kiti chao ni kizuri.

Nje, majirani walikuwa wameshajaa uani. Mwenye redio ndiye aliyetangulia, kofia mkononi, akauliza kwa upole kuna nini, maana kilio kile kimefika hadi sokoni.

Dobi aliegemea ukuta, nywele zimefumuka zote.

"Tumefiwa," alisema. "Mama yangu mkubwa amefariki."

Yule jirani akampa pole, akauliza marehemu amefariki lini.

"Habari zimetufikia leo," Dobi akajibu.

Wanawake wakavua viatu, wakaingia mmoja mmoja, wakaketi sakafuni kumzunguka mama mdogo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.